Hodi kwa Jirani

Desturi ya kupiga hodi ni ya kale katika nchi zetu. Mtu mwenye adabu haingii nyumbani mwa mwenziwe kabla ya kuita. Husimama nje, huita, hungoja. Akijibiwa "Karibu," hutambua mambo mawili: kwamba mwenyeji yumo, na kwamba njia ya kumfikia i wazi. Msomaji, ishike desturi hii akilini, kwa sababu kompyuta nazo zimefunzwa kupiga hodi, na katika historia ya hodi hiyo nchi ya Kenya ina sura yake.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo ulioitwa Unix. Mfumo wa namna hii ni msimamizi wa kompyuta: hutunza faili, hugawa kumbukumbu, na huamua programu ipi itangulie na ipi ingoje. Unix ulijengwa kwa programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake, zikipokezana kama watu waliojipanga mstari kupitisha mawe. Mwezi wa Desemba 1983, Mike Muuss aliandika programu ndogo ya namna hiyo akaiita ping. Kazi yake ni kupeleka ujumbe mfupi kwa mashine nyingine, kungoja jibu, na kupima muda uliopita. Hiyo ndiyo hodi.

Lakini Unix ulikuwa mali yenye wenyewe, na bei yake haikuwa ya mwanafunzi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kwamba anaunda mfumo unaofanana nao. Mwaka uliofuata aliutoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuutumia, kuuchungua, kuubadili na kuugawa. Ulikamilishwa kwa programu za GNU, kazi iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, na ukaitwa Linux. Watu wa mataifa mengi wakaujenga, kila mmoja akileta alichonacho. Wenyeji wa Nuu, mashariki ya mji wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili. Ukambani kuna mwethya: majirani hukusanyika na majembe yao, wakachimba matuta katika shamba la mmoja leo, na la mwingine kesho. Linux ni mwethya wa watu ambao wengi wao hawajapata kuonana.

Sasa turudi kwenye hodi. Katika miaka ya 1990 kampuni za intaneti zilienea Nairobi, lakini hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Njia ya kila moja ilikwenda ng'ambo, aghalabu kwa setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Barua ya mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama nyumba zao zilitazamana, ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena, ndipo ikashuka Nairobi. Hodi ya jirani ilichukua zaidi ya sekunde nzima kujibiwa, na safari yote ya ng'ambo ililipiwa.

Mwezi wa Novemba 2000 chama cha kampuni hizo, TESPOK, kilifungua kituo cha KIXP, ambapo mawasiliano ya ndani yangekutania humu humu nchini. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya nje, ililalamika. Na baada ya wiki mbili hivi Tume ya Mawasiliano iliamuru kituo kifungwe. Chama hakikunyamaza. Kilikata rufani na kueleza kwamba ujumbe usiovuka mpaka hauwezi kuitwa ujumbe wa nje. Leseni ilitolewa mwaka 2001, na mwezi wa Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Tangu hapo hodi ya jirani ikajibiwa katika sehemu ndogo ya sekunde.

Hata hivyo, leseni haiunganishi mashine. Mikono ya watu ndiyo huunganisha. Tangu mwaka 2000, warsha za AfNOG ziliwakusanya wahandisi wa Afrika, Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011, na mafunzo ya Unix yalikuwa miongoni mwa misingi yao. Nao walikuwa wanagenzi siku moja, kama wewe.

Kazi yenyewe ya mwanzo ni hii. Tafuta kompyuta mbili kuukuu. Kwanza nakili mahali pengine kila kilicho na thamani, kwa maana kusakinisha mfumo mpya kwaweza kufuta diski nzima, na majuto hayarudishi kilichofutwa. Pili, weka Linux katika flashi, kisha iwashe kompyuta ukiiamuru ianzie hapo. Utaulizwa lugha, saa za mahali, sehemu ya diski, jina na neno la siri. Usijibu swali usilolisoma. Tatu, ziunganishe mashine kwa kebo ya mtandao na uzipe anwani: moja 192.168.1.1, ya pili 192.168.1.2. Anwani hizo zimetengwa kwa mitandao ya ndani. Zote mbili zipe kipimo 255.255.255.0, kinachozijulisha kuwa ni za mtaa mmoja. Kisha, katika ile ya kwanza, andika: ping 192.168.1.2. Jibu likija, umefaulu. Bonyeza Ctrl na C pamoja kuikomesha. Lisipokuja, kagua kebo, kisha anwani, kisha ukuta wa ulinzi, jambo moja kwa wakati mmoja.

Kazi hiyo yaweza kufanyika Nuu pasipo intaneti na pasipo kibali cha mtu yeyote. Mwenye kujua kutumia mashine tu hungoja afunguliwe mlango na wengine. Mwenye kujua kuisakinisha na kuiunganisha anajua mlango ulipo, na siku ukifungwa, kama ulivyofungwa ule wa mwaka 2000, ataweza kusimama na kueleza kwa hoja kwa nini yafaa ufunguliwe.