Uwanja wa Ekeberg na Mpira wa Wasichana

Wasomaji wetu, katika vijiji vyetu vingi mchezo wa mpira huhesabiwa kuwa mali ya wavulana. Alasiri kengele ya shule ikilia, wavulana hukimbilia kiwanjani, na wasichana huchukua ndoo kwenda mtoni. Hakuna baraza lililokaa likaamua hivyo. Ndiyo desturi tuliyoikuta. Basi twapenda kueleza habari za mashindano ya vijana ya nchi ya Norwei, maana historia yake yaonyesha jinsi desturi ya namna hii iwezavyo kubadilika.

Norwei iko kaskazini mwa Ulaya, na mji wake mkuu ni Oslo. Juu ya kilima kilicho karibu na mji huo pana uwanda mpana wa majani uitwao Ekeberg. Mwaka 1972 chama cha michezo cha mtaa wa Bækkelaget kilialika timu za vijana zije kushindana hapo wakati wa likizo. Mashindano hayo yakaitwa Norway Cup, yaani Kombe la Norwei, na mwaka ule wa kwanza zilikuja timu 420. Uwanda hugawanywa kuwa viwanja vingi, na michezo mingi huchezwa kwa wakati mmoja, kila timu na wa umri wake. Wageni wengi hulala katika vyumba vya madarasa, kwa kuwa shule zimefungwa. Tangu hapo mashindano yamekua hata kuzidi timu elfu moja, nazo hutoka katika nchi nyingi za dunia.

Walakini jambo kubwa la mwaka ule halikuwa wingi wa timu. Katika timu zile zilikuwamo za wasichana, na wakati ule chama kikuu cha mpira cha Norwei kilikuwa hakijautambua mpira wa wanawake. Wala haikuwa Norwei peke yake. Uingereza, ambako sheria za mchezo huu ziliandikwa, wakuu wa mpira waliwafungia wanawake viwanja vyao mwaka 1921, wakisema ya kuwa mchezo huo hauwafai. Marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50. Watu wa Bækkelaget hawakungoja ruhusa ya wakubwa. Waliwapa wasichana kiwanja, mpira na mwamuzi, wakawaacha wacheze mbele ya watu wote.

Tazameni yaliyofuata. Mwaka 1976 chama kikuu kiliukubali mpira wa wanawake. Mwaka 1978 timu ya taifa ya wanawake ilicheza kwa mara ya kwanza. Mwaka 1986, katika mkutano wa chama cha mpira cha dunia uliofanyika Meksiko, mwanamke wa Norwei, Ellen Wille, alisimama mbele ya wajumbe, karibu wote wanaume, akadai Kombe la Dunia la wanawake. Kombe hilo lilichezwa mwaka 1991 huko China, na mwaka 1995 Norwei ililitwaa kwa kuwashinda Wajerumani mabao 2 kwa 0. Hatusemi ya kuwa Ekeberg peke yake ndiyo iliyoleta ushindi huo. Twasema tu ya kuwa mti haumei pasipo mbegu, na mbegu moja ilipandwa pale.

Habari hii yagusa na Afrika Mashariki. Katika mtaa wa Mathare, mjini Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilianzishwa mwaka 1987. Timu zake hupata pointi si kwa kushinda tu, bali na kwa kuzoa taka za mtaa. Kwanza walicheza wavulana. Baadaye wakaingia wasichana, ijapokuwa wazazi wengi walisita, wakiuliza ni nani atakayepika na kulea wadogo. Ikabidi saa za michezo zipangwe kwa kufuata kazi za nyumbani. Hata hivyo wasichana walicheza, na timu za Mathare, za wavulana na za wasichana, zimesafiri mpaka Oslo na kucheza katika majani ya Ekeberg.

Swali la wazazi wa Mathare ndilo la wazazi wetu, wala si swali la kudharauliwa, maana maji lazima yatekwe. Lakini ndoo haimjui aichukuaye kama ni mvulana au ni msichana. Kaka wakiteka maji siku mbili kwa juma, dada zao watapata siku mbili za kiwanja. Jambo hilo halihitaji fedha wala amri ya mkubwa yeyote. Wenye shule na wenye watoto, tulifikirini jambo hili, kisha tulijaribu.