Agizo la Ustahiki wa Kuruka

Mamlaka ya usafiri wa anga inapobaini kasoro ya hatari katika aina fulani ya ndege au injini, hutoa hati inayomlazimisha kila mwenye chombo hicho kukikagua, kukitengeneza au kubadilisha kipuri kabla ya muda uliowekwa kwisha. Asipotii, ndege yake hairuhusiwi kuruka. Kuiita hati hiyo “mwongozo” au “maelekezo” ni kuipunguzia uzito. Nashikilia iitwe agizo la ustahiki wa kuruka: agizo kwa sababu haina hiari, na ustahiki kwa sababu kinachoamuliwa ni haki ya ndege kuwa angani.

Ushahidi wa tofauti hiyo ni mchungu. Tarehe 17 Aprili 2018, Boeing 737 ya shirika la Southwest ilikuwa ikitoka New York kwenda Dallas pale panga moja kati ya mapanga 24 ya feni ya injini ya kushoto lilipokatika. Abiria mmoja alifariki, na ndege ikatua kwa dharura Philadelphia. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye shina la panga kwa uchovu wa metali. Hatari hii haikuwa siri, maana ndege nyingine ya shirika hilohilo ilikatikiwa panga Agosti 2016. Mwaka 2017 mtengenezaji wa injini hiyo, CFM, alitoa waraka wa kupendekeza mapanga yapimwe kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, na Agosti mwaka huo mamlaka ya Marekani, FAA, ikachapisha rasimu ya agizo. Rasimu ikabaki rasimu. Siku tatu baada ya kifo kile, agizo la dharura lilitoka: injini za CFM56-7B zilizozidi mizunguko 30,000, yaani kuruka na kutua, zikaguliwe ndani ya siku 20. Kipimo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni nguvu ya hati.

Atakayepinga atasema kwamba katika ofisi zetu “maelekezo” ya mkubwa ni amri tosha. Ni kweli, lakini nguvu hiyo hutoka kwenye cheo cha msemaji, haimo katika neno, na fundi aliye karakanani hupokea pia nyaraka za mtengenezaji ambazo ni ushauri tu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba amri haioni ufa: wachunguzi walihitimisha kuwa yamkini ufa ule ulikuwapo mwaka 2012, panga lilipokaguliwa kwa rangi ya kung’aa, nao haukugunduliwa. Ndiyo sababu agizo halisemi “kagueni” likaishia hapo. Hutaja kipuri, njia ya kukipima na siku ya mwisho.

Boeing 737-800 za Kenya Airways hutumia injini hizohizo za CFM56-7B. Wahariri na wafasiri, habari ya hati kama hii ikiwafikia, andikeni agizo.