Goti Bandia na Picha Zake: Kutoka Berlin hadi Robanda

Themistocles Gluck, tabibu wa Berlin, alipopachika goti la pembe za ndovu mwaka 1890, miaka mitano kabla ya Wilhelm Röntgen kugundua eksirei, hakuwa na njia ya kutazama yaliyotokea ndani ya mfupa, na upasuaji wake hatimaye ulishindwa kwa maambukizi. Wajerumani, waliojenga ngome Ikoma, jirani na kijiji cha Robanda nchini Tanzania, hawakuacha huko utaalamu wa namna hiyo; tiba ya mifupa ya kibingwa ilipata taasisi yake nchini, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, mwaka 1996 tu.

Leo unyoofu wa goti bandia hupimwa kwa picha ya eksirei ya mguu mzima, mgonjwa akiwa amesimama, ambapo mstari kutoka katikati ya nyonga hadi kifundo cha mguu hutarajiwa kupita karibu na katikati ya goti. Kulegea, yaani kifaa kuachana na mfupa, huashiriwa na ufito mweusi kandokando ya saruji ya kitabibu, hasa ukipanuka kutoka picha moja hadi nyingine. Kwa hiyo mkazi wa Robanda mwenye goti bandia, aliye mbali na Dar es Salaam, huhitaji zaidi picha yake ya kwanza iliyotunzwa, ya kulinganisha na za baadaye, kuliko mashine mpya.