Mti, Ardhi na Elimu ya Masafa: Dzaleka na Lilongwe tangu 1994

Kambi ya Dzaleka, kaskazini mwa Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Miaka mitatu baadaye, Sheria ya Misitu ya Malawi ilimpa umiliki wa mti kila autunzaye katika ardhi aliyo na haki ya kuitumia. Sharti hilo la mwisho ndilo lililomwacha mkimbizi nje, ingawa naye hupikia kuni na makaa. Mwaka 2010 masomo ya chuo kikuu yalifika kambini kwa intaneti. Kwa njia iyo hiyo utunzaji wa kitalu na upogoaji ungefundishika. Ujuzi, basi, si kikwazo kikubwa. Mkaratusi wa nguzo hudai miaka kadhaa mahali pamoja, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi walioishi nje ya kambi, wa Lilongwe wakiwamo, warejee Dzaleka.