Bunge la Kerala la 1957 na sheria ya ardhi iliyochelewa

Ndugu vijana, tunaposikia habari za bunge na sheria ya ardhi, mara nyingi twauliza kwanza: ni nani aliyeileta? Ni wa chama gani, wa dini gani, wa upande gani? Swali hilo lina maana yake, lakini halitoshi. Katika tafakari hii twawaalika kutazama jimbo la Kerala, kusini-magharibi mwa India. Huko ndugu zetu Wakatoliki waliingia kwa nguvu katika ugomvi ulioangusha serikali na kuchelewesha sheria ya ardhi. Mambo yaliyofuata yaliwalazimisha baadhi yao kuuliza swali jingine: baada ya sheria hii, anayelima shamba la mwenzake atalala wapi?

Jimbo la Kerala liliundwa tarehe 1 Novemba 1956, kwa kuunganisha watu wa lugha ya Kimalayalam waliokuwa wametawaliwa mbalimbali. Upande wa kaskazini, katika Malabar, ardhi nyingi ilikuwa mikononi mwa jamaa chache zilizoitwa jenmi. Chini yao walikuwapo wapangaji wa ngazi nyingi, wengine wakiwapangisha wenzao sehemu ya shamba walilolipanga wao wenyewe. Chini kabisa walikuwapo vibarua, wengi wao wa tabaka zilizodharauliwa, ambao walijenga vibanda pembeni mwa shamba la mwenye ardhi. Hao waliitwa kudikidappukar. Kibanda chao kilisimama kwa hiari ya mwenye ardhi tu. Siku aliyokasirika, familia nzima ilifukuzwa.

Upande wa kusini, katika Travancore, historia ilikuwa tofauti. Tangu mwaka 1865 wapangaji wa ardhi ya serikali ya kifalme walikuwa wamepewa umilki kamili. Kwa hiyo Wakristo wengi wa huko, wa Eklezya ile ya kale inayojihesabu kuwa uzao wa mahubiri ya Mtume Toma, walikuwa na mashamba yao wenyewe ya mpunga, pilipili manga, nazi na mpira. Tukumbuke tofauti hiyo, maana yaeleza kwa nini maneno yaleyale, «sheria ya ardhi», yalileta tumaini katika nyumba moja na hofu katika nyumba ya pili.

Uchaguzi wa kwanza wa jimbo ulifanyika mwanzoni mwa mwaka 1957. Bunge lilikuwa na viti 126 vya kuchaguliwa. Chama cha Kikomunisti kilipata viti 60, kikaungwa mkono na wabunge 5 wasio na chama. Tarehe 5 Aprili 1957 E. M. S. Namboodiripad aliapishwa kuwa waziri mkuu wa jimbo. Naye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa jamaa ya Kibrahmani yenye ardhi kubwa. Ilikuwa miongoni mwa serikali za kwanza za kikomunisti duniani kuingia madarakani kwa kura za wananchi. Ni rahisi kuelewa kwa nini Wakatoliki wengi walishtuka, kwani walijua jinsi Eklezya ilivyoteswa katika nchi nyingine zilizotawaliwa na wakomunisti.

Hata juma moja halijaisha, serikali ilitoa amri ya kusimamisha kwa muda kufukuzwa kwa wapangaji na wenye vibanda. Kisha waziri wa ardhi na mapato, Bi K. R. Gouri, mwanasheria, alipeleka bungeni mswada wa uhusiano wa kilimo. Mswada huo ulikuwa na nguzo tatu. Ya kwanza, mpangaji asifukuzwe tena, na awe na haki ya kununua shamba analolilima. Ya pili, familia ya watu watano isimiliki zaidi ya eka 15 za shamba bora, yaani takriban hekta 6. Ya tatu, ardhi itakayozidi kipimo hicho igawiwe wasio nayo. Mashamba makubwa ya chai, kahawa na mpira yaliachwa nje ya kipimo, ili mazao ya kuuzwa nchi za nje yasipungue.

Lakini bunge hilohilo lilishughulikia pia mswada wa shule, ulioletwa na waziri wa elimu Joseph Mundassery, mzaliwa wa familia ya Kikatoliki. Mswada huo uliwalinda walimu, ambao wengi wao walilipwa vibaya na kuachishwa kazi ovyo. Hata hivyo uliipa serikali uwezo mkubwa juu ya uteuzi wa walimu, na hata wa kutwaa shule za binafsi. Shule nyingi zilikuwa za Eklezya, na maaskofu walipinga. Upinzani wao haukuwa wa bure: mwezi Mei 1958 Mahakama Kuu ya India ilitoa maoni kwamba baadhi ya vifungu viligongana na haki ya makundi madogo ya kidini kuendesha shule zao. Mswada ukarekebishwa, ukawa sheria mwaka 1959.

Hapa ndipo twapaswa kutulia na kutazama vizuri. Mambo mawili tofauti, shule na ardhi, yalifungwa kwa kamba moja. Mzazi aliyehofia imani ya mtoto wake na bwana mwenye mpunga aliyehofia eka zake walitembea katika maandamano yaleyale, chini ya bendera ileile. Waliungana na chama cha Wanayar kilichoongozwa na Mannathu Padmanabhan, na chama cha Congress, na Waislamu wa Muslim League. Mswada wa ardhi ulipitishwa na bunge tarehe 10 Juni 1959. Siku mbili baadaye, tarehe 12 Juni, «mapambano ya ukombozi» yalianza rasmi. Tarehe 13 Juni polisi walipiga risasi waandamanaji mjini Angamaly, wakafa watu 7. Mwanzoni mwa Julai, katika kijiji cha wavuvi cha Cheriyathura, mwanamke mjamzito aliuawa kwa risasi. Serikali iliyosema kwamba ni ya maskini ilikuwa imemwaga damu ya maskini, na jambo hilo halikusahaulika.

Tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ya Delhi iliiondoa serikali ya jimbo na kulivunja bunge, kwa kifungu cha 356 cha Katiba. Bunge lililochaguliwa kwa miaka mitano lilikuwa limedumu chini ya miezi 28. Mswada wa ardhi ulikuwa bado haujatiwa sahihi na Rais. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 wakomunisti walibaki na viti 29 tu. Wengi katika parokia walishukuru kwamba hatari imepita.

Je, ilipita kwa kila mtu? Mwaka 1961, chini ya serikali mpya, familia nyingi za wakulima waliofyeka na kulima ardhi ya milimani zilifukuzwa ili kupisha bwawa la umeme la Idukki, zikapelekwa mahali paitwapo Amaravathi wakati wa mvua kubwa. Wengi wao walikuwa Wakristo. Kiongozi wa kikomunisti A. K. Gopalan alikwenda huko akafunga kula kwa ajili yao. Na aliyesimama upande wake alikuwa padri Mkatoliki, Joseph Vadakkan, ambaye miaka miwili tu kabla yake alikuwa miongoni mwa sauti kali kabisa dhidi ya wakomunisti. Padri huyo baadaye alianzisha chama cha wakulima na wafanyakazi, ambacho mwaka 1967 kiliingia katika muungano wa vyama ulioongozwa na Namboodiripad yuleyule. Hakuikana imani yake. Ila mbele ya familia zilizonyeshewa mvua pamoja na watoto wao, hakuona sababu ya kukataa mkono wa aliyefika kusaidia kabla yake. Mwaka huohuo wa 1961 Papa Yohane wa XXIII alitoa barua Mater et magistra, iliyozungumza kwa urefu juu ya hali ya wakulima.

Sheria nayo ilikuwa na safari ndefu. Rais alirudisha mswada kwa bunge jipya. Ukapunguzwa makali, ukawa sheria mwaka 1961. Mwezi Desemba mwaka huo Mahakama Kuu iliubatilisha kwa mashamba ya sehemu ya kaskazini. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba haikuwa haki kuyasamehe mashamba ya chai na mpira huku ya pilipili manga na popoo yakibanwa. Sheria nyingine ikatungwa mwaka 1963, na mwaka 1964 Katiba ya India ikarekebishwa ili kuikinga na mashtaka. Marekebisho makubwa yalipitishwa na bunge mwaka 1969, Bi Gouri akiwa tena waziri. Tangu tarehe 1 Januari 1970 upangaji wa mashamba ulifutwa, na aliyelima akaanza kuwa mwenye shamba. Mwenye kibanda kijijini alipata haki ya kununua uwanja wa takriban mita za mraba 400 kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko.

Ugomvi huo ulizaa hata jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mkuu wa monasteri ya Kihindu ya Edneer, Kesavananda Bharati, alishtaki kwa kutetea ardhi ya monasteri yake. Tarehe 24 Aprili 1973 majaji 13 waliamua, 7 dhidi ya 6, kwamba bunge la India laweza kubadili Katiba, lakini haliwezi kuvunja misingi yake. Hukumu hiyo yalinda raia wa India hadi leo.

Hata hivyo, tusidhani kwamba haki ilitimia. Sheria ilimpa ardhi yule aliyetambuliwa kuwa mpangaji. Kibarua wa tabaka la chini, aliyepanda na kuvuna bila kuwa mpangaji, kwa kawaida alipata uwanja wa kibanda tu, si shamba. Mashamba makubwa ya chai na mpira yalibaki kama yalivyokuwa. Wenyeji wa milimani waitwao Adivasi walikuwa wamepoteza ardhi yao kwa wahamiaji. Sheria ya mwaka 1975 iliahidi kuwarudishia, lakini haikutekelezwa kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2003, huko Muthanga, Adivasi waliokuwa wameingia msituni kudai ardhi walipigwa risasi na polisi.

Ndugu vijana, historia hii haituambii kwamba chama fulani kilikuwa na haki yote, wala kwamba maaskofu walikosea katika yote. Kuhusu shule walikuwa na hoja ambayo hata mahakama iliisikia. Lakini kuhusu ardhi, mwenye kibanda alingoja zaidi ya miaka kumi, na sehemu ya kungoja kwake ilitokana na maandamano yaliyofanywa na waamini wenzake. Jambo hilo twapaswa kulitamka bila hasira na bila kulificha.

Twawaomba mjadili maswali haya katika kikundi chenu:

1. Tunapoalikwa kupinga au kuunga mkono sheria, twawezaje kutambua mambo tofauti yaliyofungwa katika kifurushi kimoja?

2. Padri Vadakkan alifanya kazi na watu aliowapinga jana. Ni jambo gani laweza kutuunganisha na tusiokubaliana nao, na mpaka wake uko wapi?

3. Katika kijiji au mtaa wetu, ni nani anayelima au kukaa mahali bila karatasi yoyote yenye jina lake? Nani atamsemea siku ardhi hiyo itakapopimwa?