Visawe vya vivumishi: usikariri tu, jaribu kwenye sentensi

Unajiandaa na mtihani wa msamiati? Kisawe ni neno lenye maana sawa au inayokaribiana na ya neno lingine. Kukariri orodha ni rahisi; alama hupotea pale neno linapoingia kwenye sentensi.

Mifano hii ni ya wilayani Same, Kilimanjaro:

- Tambarare kavu ya Same: mvua chache = mvua haba.
- Msitu wa Chome, penye kilele cha Shengena (mita 2,462): miti mingi = miti tele.
- Njia za milimani: njia nyembamba = njia finyu.

Ila angalia: kijana mwembamba hawi "kijana finyu"!

Mtego mwingine ni ngeli. "-ingi" hubadilika: watu wengi, miti mingi, maji mengi. "Tele" halibadiliki: watu tele, miti tele, maji tele. Ukiandika "mitele", umekosa.

Kwa mwanafunzi anayeongea Chasu (Kipare) nyumbani na Kiswahili darasani, dawa ni hii: andika sentensi, badilisha kivumishi, soma kwa sauti. Maana ikihama, hapo si kisawe.