Mgao wa vyakula vitani: Somo la haki kwa wanafunzi

Wanafunzi wanapofunzwa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia (1939-1945), aghalabu huelezwa habari za majemedari na mizinga, huku maisha ya raia nyumbani yakipuuzwa. Mfano wa Uingereza waweza kuliziba pengo hilo.

Kabla ya vita, nchi hiyo iliagiza zaidi ya nusu ya chakula chake kutoka ng'ambo. Nyambizi za Ujerumani zilipoanza kuzamisha meli za shehena, serikali ilianzisha mgao. Ulianza Januari 8, 1940, kwa siagi, sukari na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Chai, jibini na sabuni zilifuata baadaye. Juni 1941 ilikuwa zamu ya mavazi, kila mtu mzima akipewa kuponi 66 kwa mwaka.

Kila raia alikuwa na kitabu cha kuponi na alijisajili kwa mwenye duka mmoja. Fedha pekee hazikutosha. Hapa ndipo penye kiini cha somo: mgao haukukusudiwa kupunguza tu, bali kumhakikishia kila mtu fungu lake, kwani bei zingepanda na maskini wangelala njaa. Aidha, waja wazito na watoto wa chini ya miaka mitano walitengewa takriban nusu lita ya maziwa kwa siku.

Hata hivyo, usawa huo ulikuwa na mianya. Mikahawani hapakuhitajika kuponi, na ni mwaka wa 1942 ambapo bei ya mlo iliwekewa kikomo cha shilingi tano. Biashara ya magendo nayo ilishamiri.

Sambamba na mgao, hakuna kilichotupwa ovyo. Julai 1940, akina mama waliombwa kutoa sufuria za alumini ziundiwe ndege. Maganda ya viazi yalilishwa nguruwe, nayo karatasi, matambara na mifupa yakakusanywa na kupelekwa viwandani.

Darasani, mwalimu anaweza kupima gramu 57 za chai na 227 za sukari, mgao wa kawaida wa mtu mmoja kwa wiki, kisha wanafunzi wazigawe kwa siku saba. Baadaye wajadili: je, mwenye fedha alistahili kula zaidi mkahawani?

Ikumbukwe kwamba amani haikuleta shibe mara moja. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kuponi wakati wa vita, uligawiwa hivyo kati ya 1946 na 1948. Mgao wa vyakula ulikoma kabisa Julai 4, 1954.